Upepo Wenye Mwenyewe

Huku Punta Arenas tumezaliwa na upepo.
Mjini hufungwa kamba, nguzo hadi nguzo,
ili ajuza avuke barabara na mkate wake,
na watoto hujua kutembea wameinama
kabla hawajajua kutembea wima.
Miti yenyewe imekubali: yote imelalia mashariki.

Kwa hiyo usidhani Eleuterio Oyarzo hakuujua upepo.
Miaka kumi na tisa ya kutia kabari magurudumuni,
kukusanya koni, kuburuta toroli,
shingo kaizamisha kwenye kola kama kobe.
Alikuwa akiunusa tu: "Huu wa baharini.
Huu umelala juu ya barafu. Huu una mvua tumboni."
Na mvua ikaja.

Ila ule wa Juni haukutoka upande wowote.

Saa mbili asubuhi, na giza bado:
Juni huku jua ni mgeni wa saa nne,
hachelewi kuaga.
Ndege ya maegesho ya nne ilikuwa imewasha.
Taa nyekundu tumboni mwake ilizunguka, ikazunguka,
na sheria ni fupi, hata mlevi anaikariri:
taa ikizunguka, nyuma hapapitwi.
Lakini ilizunguka dakika kumi na moja.
Nilihesabu. Kidole kikiganda, dakika huwa ndefu.
Walingoja ruhusa, walingoja karatasi, nani ajuaye,
na ndege ya tano ilitungoja sisi, milango wazi.
Taa inayozunguka mno huwa kama saa ya ukutani:
unaiona, huioni.

Akavuka.
Nami ningevuka. Juzi nilivuka.

Magurudumu yalikuwa yamenata kwenye barafu,
na rubani, asiyeuona mgongo wake mwenyewe,
akasukuma mkono mbele kidogo:
kidogo cha kwake,
si kidogo cha mtu wa kilo sitini na nane
mwenye kabari kila mkono.

Sikusikia kitu. Masikio yangu yalizibwa
kama sheria itakavyo.
Niliona toroli tupu likisimama kwa miguu ya nyuma
kama farasi, kisha likasahau kwamba ni la chuma.
Niliona koni zikiuacha mstari wao,
na kati ya koni, Oyarzo,
hana uzito, hana jina,
akibingirika ndani ya koti la kung'aa
aliloshonewa ili aonekane.

Hewa ilinuka mafuta ya taa, na ilikuwa na joto.
Hilo ndilo linalonirudia usiku:
kwamba ilikuwa na joto,
na kwa pumzi moja tu
uso wangu uliokuwa umeganda ukashukuru.

Nyonga. Mbavu tatu. Kifundo cha mkono.
Yu hai, hutembea na fimbo, chumbani hadi jikoni.
Kofia yake ya sufu, aliyoifuma Rosalba,
niliikuta imenasa kwenye waya wa uzio.
Nilipima kwa miguu: hatua mia moja na arobaini.
Nikaipima tena.

Mkaguzi, Bwana Yaksic, akaja na fomu.
Palipoandikwa Chanzo akaweka alama: Hali ya Hewa.
Si kwa ubaya. Kalamu za huku zimezoea;
paa likiruka, hali ya hewa,
mashua ikipinduka, hali ya hewa,
na chai haijapoa faili limefungwa.

Nikamwambia: Bwana, upepo wa Mungu hauna mwenyewe,
hautii saini, haudaiwi.
Huu una namba ubavuni.
Una ratiba, una tiketi zilizokwisha kuuzwa,
una mkono uliosukuma
na kinywa kilichosema haraka, haraka.
Una na mimi, Nélida Cárcamo,
niliyeiona taa, nikamwona Oyarzo,
redio i kiunoni,
nisiiinue.

Akanitazama. Akauliza hilo la redio
aliandike au aliache.

Andika, nikasema.
Anza kwa kufuta ile alama.